ZIADA, AKIBA AU AMANA? UCHUNGUZI WA LUGHA YA MJADALA WA KUUZA ARDHI YA CHUO

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno moja, ziada, jinsi linavyotumiwa wakati chuo kinapotafakari kuuza sehemu ya ardhi yake ili kugharimia ujenzi na ukarabati wa bewa. Hoja kuu ni kwamba ziada si sifa ya ardhi yenyewe. Ni hukumu inayotolewa na mtu fulani, katika wakati fulani, kwa kuzingatia mpango fulani. Hoja hiyo inatetewa kwa kuchanganua maneno matatu ya Kiswahili yanayoshindania nafasi moja katika mjadala huu, kisha kwa kutazama yaliyovipata vyuo vinne vya Marekani na yaliyoipata ardhi ya umma nchini Kenya. Makala yanamalizia kwa kupendekeza maswali ambayo msomaji wa pendekezo la aina hii anapaswa kuyauliza kabla ya kuliunga mkono au kulipinga.

1. Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini yaihusu ardhi ya taasisi za elimu vilevile. Ardhi ya chuo huandikwa katika madaftari mengi: hatimiliki, ramani, taarifa za fedha na kumbukumbu za vikao. Aghalabu daftari linalosahauliwa ni lile la lugha, yaani maneno yanayotumiwa kuitaja ardhi hiyo pindi inapoanza kuzungumziwa kama bidhaa.

Sababu za kuitazama ardhi kwa jicho la biashara si ngumu kuziona. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo, na vyuo vikuu vingine vya umma nchini Kenya vikafuata. Kwa miaka mingi karo hiyo ilijenga kumbi, ikaajiri wahadhiri na kufungua mabewa mapya. Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2016. Watahiniwa waliopata alama ya C+ au zaidi walipungua kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929. Serikali iliweza kuwapa nafasi za udhamini takriban wote waliofuzu, na chemchemi ya wanafunzi wa kujilipia ikaanza kukauka. Mishahara haikupungua, madeni hayakupungua, wala mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya mamia na kukaliwa na maelfu hayakujikarabati.

Katika hali kama hiyo, ni jambo la kawaida wasimamizi wa chuo kukitazama kile ambacho chuo kingali nacho. Aghalabu kitu hicho ni ardhi. Swali la makala haya si iwapo chuo kina haki ya kuifikiria ardhi yake. Swali ni hili: mjadala unapoanza kwa kuiita ardhi hiyo ziada, ni kiasi gani cha uamuzi kinachokuwa kimekwisha kufanywa kabla ya mtu yeyote kupiga kura?

2. Matini tatu, ekari zilezile

Sentensi tatu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya somo hili. Zinahusu chuo kimoja cha kubuni chenye mabweni yanayovuja, maabara kongwe na ekari 20 zisizojengwa upande wa pili wa barabara.

(a) Baraza la chuo linapendekeza kuachilia ekari 20 za ardhi ya ziada ili kufadhili uimarishaji wa miundomsingi ya bewa.

(b) Wasimamizi wa chuo wanataka kuuza ekari 20 za urithi wa wanafunzi ili kuziba mashimo ya hesabu zao.

(c) Chuo kimekiri kwamba hakizihitaji tena ekari 20 ambazo wazee wetu walikipa.

Sentensi ya kwanza ni ya baraza, ya pili ni ya viongozi wa wanafunzi na ya tatu ni ya majirani wa chuo. Ukubwa wa ardhi haubadiliki. Kinachobadilika ni uhusiano wa ardhi na watu.

Katika (a), kitenzi kuachilia ni tasfida. Kuuza kunahitaji muuzaji, mnunuzi na bei. Kuachilia hakuhitaji lolote kati ya hayo. Nomino uimarishaji nayo imetokana na kitenzi kuimarisha, na katika mnyambuliko huo mtendaji ametoweka: haijulikani nani ataimarisha nini, wala lini. Neno ziada limewekwa kama kivumishi tulivu kisichojadiliwa. Msomaji anaalikwa kujadili mauzo, lakini haalikwi kujadili kama kweli ardhi ni ya ziada.

Katika (b), kinyume chake, mtendaji amewekwa mbele na kitenzi kimetajwa waziwazi. Hata hivyo, sentensi hii nayo ina hila yake. Kihusishi cha umilikaji katika urithi wa wanafunzi kimewapa wanafunzi umiliki ambao kisheria hawana, na maneno mashimo ya hesabu yamefuta kabisa mabweni yanayovuja, ambayo ni tatizo la wanafunzi haohao. Katika (c), kitenzi walikipa kimefungua mlango ambao sentensi mbili za kwanza ziliufunga. Ikiwa ardhi ilitolewa kwa ajili ya elimu, na elimu haiihitaji tena, je, haipaswi kurudi kwa waliotoa?

Hakuna kati ya sentensi hizi iliyo ya uongo mtupu. Kila moja imechagua cha kuonyesha na cha kuficha. Mwanafunzi wa uchanganuzi wa usemi atatambua kwamba vita vya hoja vimehamia katika uteuzi wa msamiati.

3. Ziada, akiba na amana

Neno ziada limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu na lina undugu na kitenzi zidi na neno zaidi. Undugu huo wenyewe unafunza jambo. Hakuna kitu kilicho zaidi bila kuwa zaidi ya kingine. Ziada hudai kipimo. Mkulima akisema ana gunia la ziada, amekwisha kuhesabu chakula cha familia, mbegu za msimu ujao na fungu la wageni. Asipohesabu, gunia lile si la ziada. Ni gunia ambalo halijaliwa bado. Vivyo hivyo, ekari isiyojengwa si ekari ya ziada kwa sababu tu nyasi zimeota juu yake.

Neno la pili ni akiba. Akiba pia ni kitu kisichotumiwa leo, lakini kimewekwa kwa makusudi kwa ajili ya siku ijayo. Methali akiba haiozi hutoa sifa ambayo haiwezi kutolewa kwa ziada. Ziada huweza kuoza, na ndiyo maana mwenye nayo hutafuta mnunuzi upesi. Kwa hiyo kivumishi kinachochaguliwa huleta haraka yake. Ardhi ikiitwa ziada, kuchelewa kuiuza huonekana kama uzembe. Ikiitwa akiba, kuharakisha kuiuza ndiko huonekana kuwa uzembe.

Neno la tatu ni amana, ambalo lina shina moja na amini, imani na mwaminifu. Amana ni mali iliyo mikononi mwa mtu asiye mwenyewe. Anaweza kuilinda na kuitunza, lakini uhuru wake wa kuitoa una mipaka. Dhana iliyo karibu nayo, inayojulikana sana Pwani, ni wakfu: mali iliyotengwa kwa ajili ya kheri, ambayo haiuzwi wala hairithiwi, ila manufaa yake ndiyo hutumiwa. Mnazi wa wakfu hutoa nazi kila mwaka. Anayeukata ili auze mbao huwa hakupata nazi nyingi kwa mkupuo mmoja, bali ameumaliza mnazi.

Maneno haya matatu yanatofautiana pia katika vitenzi yanavyoandamana navyo. Ziada huuzwa, hugawanywa au hutupwa. Akiba huwekwa, na huguswa kwa dharura. Amana hutunzwa na hurejeshwa. Anayelichagua neno, kwa hivyo, ameuchagua pia mlolongo wa vitendo ambavyo wasikilizaji wataviona kuwa vya kawaida.

4. Funzo kutoka vyuo vinne vya Marekani

Dai kwamba ziada ni hukumu ya wakati lingebaki kuwa mchezo wa maneno kama historia isingelithibitisha. Marekani ina ushahidi mwingi, kwa kuwa vyuo vyake vingi vilianzishwa au kukuzwa kwa mtaji wa ardhi.

Sheria ya Morrill ya 1862 ililipa kila jimbo ekari 30,000 kwa kila seneta na mbunge wake katika Kongresi, ili ardhi hiyo iuzwe na fedha zikigharimie chuo cha kilimo na ufundi. Majimbo yasiyokuwa na ardhi ya shirikisho ndani ya mipaka yake yalipewa hati za kuchagua ardhi kwingineko. Rhode Island ilipata hati za ekari 120,000, zikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Brown, nacho kikaziuza zote kwa dola 50,000. Bei hiyo ni takriban senti 42 kwa ekari. Jimbo la New York lilipata hati za ekari 990,000. Mfadhili Ezra Cornell alinunua sehemu kubwa ya hati hizo, akachagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, na chuo kilichobeba jina lake kikaingoja bei ipande. Kungoja huko hakukuwa rahisi, maana kodi za ardhi zililipwa kila mwaka na chuo kichanga kilihitaji fedha. Hatimaye Chuo Kikuu cha Cornell kilipata faida ya takriban dola milioni 5. Hati zilikuwa za aina moja na sheria ilikuwa moja. Zilizotofautiana ni subira na tafsiri: mmoja aliona ziada, mwingine akaona akiba.

Mfano wa tatu ni wa Columbia. Mwaka 1814 Jimbo la New York lilikipa chuo hicho bustani ya mimea iliyoanzishwa na daktari David Hosack. Chuo kilikuwa kikitafuta msaada wa fedha, na bustani ile ilikuwa mbali na mji wa siku hizo. Lau baraza la 1814 lingeulizwa, huenda lingeiita ardhi hiyo ziada bila kusita. Mji ukakua hadi ukaizunguka. Mwaka 1928 Columbia ilimkodishia John D. Rockefeller Mdogo ardhi hiyo, na juu yake yakajengwa majumba ya Rockefeller Center. Mwaka 1985 chuo kiliiuza kwa dola milioni 400. Mfano huu una makali pande zote mbili. Unaonyesha thamani ya kungoja, na pia unaonyesha kwamba huja wakati ambapo kuuza kunaweza kuwa uamuzi wa busara, hasa pale kodi inayopatikana ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya ardhi.

Mfano wa nne ni wa Stanford. Hati ya kuanzisha chuo hicho ya 1885 ilikataza kuuzwa kwa shamba la Palo Alto, ambalo leo lina ekari 8,180. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuo kilikuwa na ardhi nyingi na fedha chache. Kwa kuwa mlango wa kuuza ulikuwa umefungwa, kilitafuta mlango mwingine. Mwaka 1951 kilianzisha eneo la viwanda kwenye ardhi yake na kuyakodishia makampuni kwa mikataba ya muda mrefu. Eneo hilo likawa mojawapo ya vitovu vya sekta ya teknolojia ya California. Katazo lililoonekana kuwa pingu likageuka kuwa chanzo cha mapato ya kila mwaka, na ardhi ikabaki kuwa ya chuo.

Mambo mawili zaidi yanahitaji kutajwa kuhusu Sheria ya Morrill. Kwanza, iliagiza kwamba mtaji utokanao na mauzo uwekezwe na usipunguzwe kamwe, na ikakataza mtaji huo au faida yake kutumiwa kununua, kujenga au kukarabati majengo. Waandishi wa sheria hiyo walielewa kwamba jengo huchakaa. Ardhi iliyogeuzwa kuwa hazina ya kudumu imebadilisha umbo tu. Ardhi iliyogeuzwa kuwa paa imeingia katika safari ya kuisha. Pili, sehemu kubwa ya ardhi iliyogawanywa kwa sheria hiyo ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji asilia wa Marekani kwa mikataba ya shinikizo au kwa nguvu. Iliitwa ardhi ya umma isiyokaliwa. Kabla ya kuwa ziada ya taifa, ilikuwa makao ya watu.

5. Sura ya Kenya

Jambo hilo la pili halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Kenya. Sheria za Ardhi za Taji za 1902 na 1915 ziliiwezesha serikali ya kikoloni kuwagawia walowezi ardhi, na mikataba ya ukodishaji ikaongezwa kutoka miaka 99 hadi miaka 999. Mashamba yaliyokuwa yamepumzishwa na malisho ya msimu yalihesabiwa kuwa matupu. Kwa mfugaji, uwanda usio na ng'ombe mwezi wa Machi ni akiba ya mwezi wa Agosti. Kwa afisa mwenye ramani, ulikuwa ziada.

Uhuru haukuufuta msamiati huo. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoteuliwa 2003 na kuwasilisha ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo sehemu za shule, misitu na taasisi nyingine, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakipinga kunyakuliwa kwa uwanja wao wa kuchezea. Uwanja wa michezo hauna majengo. Machoni pa mnyakuzi ni ardhi iliyolala; machoni pa mtoto ndiyo sehemu ya shule inayotumiwa kuliko zote. Nacho Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwaka 2022, kilijikuta katika mvutano mkali na serikali kuhusu agizo la kukitaka kitoe sehemu ya ardhi yake. Ingawa hayo hayakuwa mauzo, yalionyesha kwamba ardhi ya chuo isiyojengwa huvutia macho mengi, na si ya wasimamizi wake peke yao.

Katiba ya 2010 imejaribu kuweka uzio. Kifungu cha 62 kinaeleza ardhi ya umma na kuagiza kwamba isitolewe wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayobainisha namna na masharti ya kufanya hivyo. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 40 nacho hakiilindi mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Kwa hivyo, pale ardhi ya chuo inapokuwa ya umma, baraza la chuo halina ardhi kwa maana ambayo mtu binafsi ana shamba lake. Lina amana. Katika hali hiyo neno amana si pambo la fasihi bali ndilo lililo karibu zaidi na sheria.

6. Upande wa pili wa hoja

Ingekuwa makosa kuyasoma makala haya kama hukumu dhidi ya kila mauzo. Mwanafunzi anayelala chini ya paa linalovuja hawezi kuambiwa kwamba mjukuu wake atanufaika na ekari 20. Akiba isiyoguswa hata siku ya dhiki imepoteza maana yake ya akiba. Isitoshe, ardhi isiyolindwa huweza kupotea bila kuuzwa: ua usipojengwa na mipaka isipopimwa, wanyakuzi huingia, na chuo hukosa ardhi na fedha pia.

Hesabu ya kubuni yaweza kusaidia. Chukulia kwamba ekari 20 za chuo cha mfano zinaweza kuuzwa kwa shilingi milioni 200, au kukodishwa kwa shilingi milioni 8 kwa mwaka. Ukodishaji utachukua miaka 25 kufikia kiasi cha mauzo, na shilingi ya mwaka wa 25 haitakuwa na nguvu ya shilingi ya leo. Mtetezi wa mauzo ana hoja hapo. Lakini baada ya miaka 25 aliyekodisha angali na ekari 20, na mkataba wake waweza kuwa na kipengele cha kupandisha kodi kadiri bei zinavyopanda. Aliyeuza ana mabweni yenye umri wa miaka 25, yanayohitaji kukarabatiwa, na hana tena ekari za kuuza. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili waweza kutetewa. Usioweza kutetewa ni ule unaofichwa ndani ya kivumishi.

Kwa hivyo msomaji wa pendekezo la kuuza ardhi ya chuo anashauriwa kuuliza maswali manne. Kwanza, ni zaidi ya nini: ni mpango upi wa chuo, na wa miaka mingapi, uliotumiwa kupima mahitaji? Pili, ziada kwa nani: wanafunzi, idara ya kilimo yenye mashamba ya majaribio, majirani na waliotoa ardhi walisikizwa? Tatu, ardhi inageuzwa kuwa nini: hazina ya kudumu, jengo, au malipo ya deni la mwaka mmoja? Nne, mtendaji yuko wapi: nani atathamini, nani atanunua, nani atazitunza fedha na nani atawajibika zikipotea? Pendekezo linaloyajibu maswali haya kwa lugha wazi linastahili kusikilizwa hata kama linasema neno chungu kuuza. Pendekezo lisiloyajibu halistahili kuungwa mkono hata kama limesema kuachilia.

7. Hitimisho

Imedhihirika kwamba ziada, akiba na amana si visawe. Kila neno hubeba kipimo, wakati na wajibu wake. Historia ya vyuo vilivyotajwa inaonyesha kwamba ardhi moja huweza kuitwa ziada na kizazi kimoja na kuwa tegemeo la kizazi kingine, ilhali historia ya Kenya inaonyesha kwamba kuiita ardhi tupu kumewahi kuwa hatua ya kwanza ya kuitwaa. Mwanafunzi wa Kiswahili hana kura katika kila baraza, lakini ana ujuzi ambao mthamini wa ardhi na mhasibu huenda hawana: anaweza kulisimamisha neno mlangoni na kuliuliza lilikotoka kabla halijaruhusiwa kuingia katika kumbukumbu za kikao.

Maswali ya mjadala

1. Tunga tangazo la baraza la chuo linalopendekeza kukodisha ardhi kwa miaka 33. Litunge kwanza kwa kutumia tasfida, kisha kwa lugha wazi. Eleza tofauti za kisarufi kati ya matini hizo mbili.

2. Linganisha matumizi ya maneno ardhi tupu, ardhi wazi, ardhi iliyolala na ardhi ya ziada. Ni nani hunufaika kwa kila neno?

3. "Methali akiba haiozi haifai kutumiwa katika mjadala wa ardhi ya chuo ambacho mabweni yake yanavuja." Jadili.